Tela la baiskeli kwa madumu 6 ya maji: magurudumu gani, na lifungwe wapi?

Mpunga_Mkavu ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijampa fundi chuma. Nataka tela la kuvutwa na Phoenix ya kawaida, rimu 28, breki za vyuma. Mzigo wa kila siku ni madumu 6 ya lita 20, na wakati wa mavuno gunia moja moja la mpunga. Ni huku Ifakara, kwa hiyo vilima si shida sana, ila mchanga upo, na masika tope linanata kama gundi. Njia ni kama kilomita 4 za udongo na kipande kifupi cha lami.

Fundi anasema tufunge kwenye keria, ndiyo rahisi. Mwingine anasema gurudumu moja linatosha, maana njia za mashambani ni nyembamba. Mwenye kujua vizuri anisaidie: gurudumu moja au mawili, saizi gani, na sehemu ya kufunga ni ipi? Vipimo kamili vikipatikana nitashukuru.

---

FundiGrinda amejibu:

Gurudumu moja lisahau kwa mzigo huo. Tela la gurudumu moja linainama pamoja na baiskeli, kwa hiyo kila kilo iliyo ndani yake unaishikilia wewe kwa usukani. BOB Yak ya Wamarekani, inayopendwa na wasafiri wa masafa marefu, mwisho wake ni kilo 32. Wewe unazungumzia kilo 120 za maji bila kuhesabu chuma. Magurudumu mawili, basi.

Sasa vipimo. Dumu la lita 20 lina karibu sentimita 25 kwa 30 kwenye kitako (pima yako, hayafanani yote). Panga mawili kwa upana, matatu kwa urefu, upande mwembamba ukikaa kwenye upana. Unapata sakafu ya sm 52 kwa 92. Magurudumu yakae pembeni mwa sakafu, si chini yake. Kila gurudumu liwe na chuma upande wa ndani na upande wa nje, kama linavyokaa kwenye foki. Upana wote unatoka sm 80 hivi, unapita kwenye njia nyingi.

Hapo kwenye chuma cha nje ndipo mafundi wengi wanapokwepa kazi. Wanachomelea ekseli upande mmoja tu, kama mkokoteni. Ekseli ya mkokoteni ni nondo nene; ya baiskeli nyuma ni inchi 3/8, yaani milimita 9.5, na imetengenezwa ishikwe pande mbili. Ukiishika upande mmoja, kilo 70 kwa kila gurudumu zitaipinda. Ikishapinda, gololi zinakula kikombe cha habu, na hata ukibadilisha gololi bado gurudumu litacheza.

Vifaa:
– skwea paipu ya inchi 1, unene mm 1.5, vipande 2 vya mita 6 (vinatosha fremu, kingo za pembeni na chuma cha nje)
– chuma bapa cha mm 5, upana mm 40, kwa ajili ya vishikio 4 vya ekseli
– paipu ya duara ya inchi 1, unene mm 2 au zaidi, mita 1.5, kwa mkono wa kuvutia
– plaiwudi ya mm 12 kwa sakafu, ipakwe rangi hadi kwenye kingo zilizokatwa

Tela lote litakuja na kilo 20 hivi pamoja na magurudumu. Likizidi 25, fundi ametumia chuma cha geti.

Vishikio vya ekseli vikatwe mfereji wa mm 10 unaofunguka chini. Uzito wa mzigo ndio utakaoikandamiza ekseli kwenye kina cha mfereji, na nati zinafanya kazi ya kuzuia isiteleze tu. Ukipata pancha unalegeza nati mbili, unanyanyua tela, gurudumu linadondoka lenyewe. Ila vishikio vyote vinne vichomelewe huku ekseli moja ndefu iliyonyooka imepitishwa ndani yake kama kipimo. Usikubali vipimwe kwa macho. Gurudumu moja likitazama pembeni kidogo tu, tela linavuta kama breki imeshika na tairi linaisha upande mmoja.

Kuhusu kuchomelea: paipu ya mm 1.5 inataka fimbo ya mm 2.5 na moto mdogo, vinginevyo inatoboka. Na kama paipu ni ya maji, ile nyeupe iliyopakwa zinki, isagwe rangi hiyo kwa grinda sehemu ya kuungia kwanza. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku ule ule.

---

Spoku40 amejibu:

Mkuu FundiGrinda kamaliza fremu, niongezee magurudumu.

Chukua rimu 28 zile zile za baiskeli yako. Sababu ni moja: tyubu, tairi na spoku za akiba zinakuwa za aina moja. Rimu 20 ni imara zaidi kwa sababu spoku zake ni fupi, ila kwenye mchanga na mashimo linazama, na dukani utatafuta tyubu yake peke yake.

Lakini usinunue magurudumu ya mbele. Kwenye baiskeli hizi gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma lina 40, na ekseli ya mbele ni nyembamba, inchi 5/16. Nunua ya nyuma mawili. Fungua friwili utupe pembeni, kisha mpe fundi baiskeli arudishe rimu katikati ya habu. Kiwandani rimu ya nyuma imesogezwa kidogo upande wa friwili, kwa hiyo spoku za kulia zinakazwa kuliko za kushoto. Ikirudi katikati, pande zote zinakaza sawa.

Kwa nini hilo lina maana kwenye tela kuliko kwenye baiskeli? Baiskeli ikikata kona inainama, nguvu inapita chini wima kwenye gurudumu. Tela la magurudumu mawili haliinami. Kona yote inalisukuma gurudumu kwa ubavu, na spoku hazipendi ubavu. Spoku za upande uliolegea ndizo zinazokatika kwanza, pale kwenye kichwa zinapoingia kwenye habu. Ukikuta moja imekatika, usiendelee hadi wiki ijayo. Jirani zake zimeshabeba mzigo wake.

Upepo: PSI 50 hadi 60 kwa tairi za kawaida za 28, ila soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, hiyo ndiyo mwisho. Kwenye mchanga watu wanapenda kupunguza. Kwa kilo 70 kwa gurudumu ukipunguza sana, rimu inaibana tyubu kwenye jiwe na unapata matundu mawili sambamba. Ukiona pancha ya matundu mawili, usilaumu miiba.

---

Kibega_Mjini amejibu:

Mbona mnamchosha mwenzetu? Keria ya Phoenix inabeba gunia zima la mkaa na mtu juu. Tengeneza ndoano, funga kwenye keria, kazi imeisha. Huku mtaani yapo mengi namna hiyo na yanatembea.

---

Gololi_Tatu amejibu:

Yanatembea tambarare na polepole, Kibega. Tatizo linakuja wakati wa kusimama.

Keria iko juu, sm 75 hivi kutoka ardhini. Unapokamata breki, kilo 140 za tela zinaendelea kusukuma mbele, na zinasukuma pale juu. Baiskeli ikiwa imenyooka utaona mkia wake unanyanyuka kidogo, gurudumu la nyuma linapoteza kushika. Ikiwa kwenye kona, ule msukumo unaipindua baiskeli kwa ubavu. Keria yenyewe imetengenezwa kubeba uzito wa kwenda chini, si kuvutwa nyuma na mbele mara mia kwa safari. Zinakatika pale miguu yake inapobana kwenye ekseli, au bolti ya kwenye paipu ya siti inalegea.

Funga chini, upande wa kushoto wa ekseli ya nyuma. Kushoto kwa sababu kulia kuna mnyororo. Hatua zake:

Kata kipande cha chuma bapa cha mm 5 au 6, toboa tundu la mm 10, kivae kwenye ekseli kabla ya nati. Hapo angalia urefu wa ekseli. Kwenye baiskeli hizi ekseli ya nyuma tayari imeshika miguu ya keria, waya wa madigadi na wosha. Ukiongeza mm 6 unaweza kukuta nati imeshika nusu tu. Nati lazima ijae nyuzi zote na ekseli itokeze kidogo nje. Isipotokeza, nunua ekseli ndefu zaidi. Ni kifaa cha bei ndogo na kinapatikana.

Halafu stendi. Ile stendi ya miguu miwili ikinyanyuliwa inalala nyuma ya gurudumu, hapo hapo mkono wa tela unapotaka kupita. Kwa hiyo mkono utoke katikati ya tela, upinde kwenda kushoto na kupita nje ya stendi ukiwa na nafasi ya sm 5 angalau. Jaribu kwa kukunja baiskeli hadi mwisho kushoto kabla hujachomelea. Pale mkono unapopinda ndipo panapopasuka, kwa hiyo weka kipande cha pembetatu cha chuma ndani ya mkunjo. Na usimruhusu fundi atumie nondo badala ya paipu. Nondo ya mm 12 inaonekana ngumu mkononi, ikisukumwa na kilo 140 inajikunja.

Kiungo chenyewe lazima kicheze namna tatu: kushoto na kulia, juu na chini, na kujizungusha. Watu wanasahau hiyo ya tatu, nayo ndiyo inayofanya baiskeli iweze kuinama au hata kuanguka bila kupindua tela. Rahisi kuliko vyote ni bushi ya shokapu ya gari, ile yenye mpira ndani na bolti ya mm 12. Mpira unaruhusu juu na chini kidogo, bolti ikisimama wima inaruhusu kukata kona. Kwa kujizungusha, mwisho wa mkono uwe paipu ndogo ndani ya paipu kubwa, ipakwe grisi, na izuiwe kuchomoka kwa pini na wosha.

Mwisho, mnyororo wa usalama au mkanda imara kutoka kwenye tela kuzunguka paipu ya fremu, sio keria. Uwe mfupi kiasi kwamba kiungo kikikatika mkono wa tela usifike ardhini ukachimba.

---

Mpunga_Mkavu:

Wakuu mbarikiwe, nimeelewa. Swali lililobaki: magurudumu yakae katikati kabisa ya sakafu, au nyuma kidogo? Fundi anasema katikati ndiyo mizani.

---

FundiGrinda:

Nyuma ya katikati kwa sm 5. Hesabu yake hii hapa.

Tela na madumu 6 ni kilo 140. Kutoka ekseli ya tela hadi kiungo ni sm 120 hivi. Uzito ukiwa sm 5 mbele ya ekseli, kiungo kinabeba 140 × 5 ÷ 120, karibu kilo 6. Ukiwa sm 10 mbele, karibu kilo 12, na hizo unazihisi kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli. Unataka kati ya 5 na 8. Kupima ni rahisi: pakia, weka tela sawasawa, nyanyua mkono kwa mizani ya ndoano ya sokoni, soma.

Ukiweka katikati kabisa, inakuwa sifuri, na sifuri haikai sifuri. Dumu la nyuma likiwa limejaa kuliko la mbele, mkono unaanza kunyanyua baiskeli. Mkia wa baiskeli ukiwa mwepesi, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo linavyozidi.

Ndiyo maana pia nataka sakafu iwe usawa wa ekseli. Kwenye mlima wa mita 10 kwa kila mita 100, mzigo unasogea nyuma kadiri ulivyo juu. Madumu yakiwa safu moja, kitovu cha uzito kiko sm 18 juu ya sakafu, kinasogea nyuma chini ya sm 2, bado uko salama. Ukipanga matatu chini na matatu juu, kinasogea karibu sm 3.6, na zile kilo 6 zinabaki moja na nusu. Tuta moja tu, zimekwisha.

Madumu yajazwe hadi shingoni. Dumu la nusu maji linatembea ndani na kuvuta tela zima. Mawili ya nusu ni mabaya kuliko moja tupu na moja lililojaa. Kama unabeba 5, lile la tano linalobaki peke yake safu ya nyuma lilaze katikati ya safu hiyo na ulifunge kamba.

Kupakia anza mbele, kushusha anza nyuma. Ukifanya kinyume tela linakaa kitako na mkono unaruka juu kwenye kidevu cha mtu.

Gunia la mpunga lilazwe, na likizidi sakafu lizidi kuelekea mbele. Gunia linavimba pembeni na kusugua tairi, kwa hiyo zile kingo za pembeni ziwe na kimo cha sm 25 na ziwe na mabati au mbao, si paipu tupu. Na tafadhali lisiwe lumbesa.

---

Mteremko amejibu:

Hakuna aliyegusa breki, na hiyo ndiyo sehemu inayoua.

Mtu wa kilo 65 na baiskeli ya 18 ni kilo 83. Ongeza 140, unakuta 223, karibu mara tatu, kwa breki zile zile za vyuma. Rimu ikilowa, mpira wa breki unateleza mizunguko kadhaa kabla haujashika. Kasi nayo inahesabika kwa mraba: ukitoka kilomita 12 kwa saa kwenda 20, nguvu ya kusimamisha inazidi karibu mara 2.8. Kwa mzigo huu, 12 ndiyo kasi yako ya tambarare.

Breki ikamatwe kabla ya kona, ukiwa umenyooka, taratibu, zote mbili. Ndani ya kona tela linasukuma upande wa kushoto wa nyuma na baiskeli inajikunja mbele yake. Mteremko unaozidi mita 5 kwa mita 100, shuka, tembea kando, shika breki kwa mikono miwili. Breki ya tela yenyewe inawezekana: seti ya breki ya vyuma kuukuu kwenye kila rimu, zikivutwa na waya mmoja hadi kwenye kishikio cha usukani. Pande zote zikaze sawa, sivyo tela litavuta upande mmoja. Kwa Ifakara si lazima. Kwa mtu wa Lushoto au Mbeya asitoke bila hiyo.

Kwa kupanda na mchanga, badilisha friwili. Yenye meno 18 na gia ya mbele ya 44 inakupa mizunguko 2.4 kwa kila kukanyaga. Weka ya 22 upate 2 kamili. Mnyororo utahitaji pingili 2 zaidi, au usogeze gurudumu mbele nusu inchi kama nafasi ipo.

Na usiku: vioo viwili vyekundu vya kuakisi, kimoja kila kona ya nyuma ya tela, si katikati. Dereva akiona kimoja cha katikati anadhani ni baiskeli tupu na anakupita kwa kipimo hicho.

---

Simba_wa_Vijana amejibu:

Samahani kuingilia uzi. Je, tela hili linafaa kubebea mbwa kwenda kuchanjwa kichaa cha mbwa? Ni mbwa wa kama kilo 25, anaogopa pikipiki.

---

Gololi_Tatu:

Linafaa, ila mbwa ni mzigo unaotembea. Kilo 25 zikihamia nyuma ya ekseli ghafla, mkono unanyanyuka. Kata sakafu kwa ubao ili abaki kwenye sehemu ya mbele, kitovu chake kikae sm 5 hadi 10 mbele ya ekseli. Chini tandika gunia au zulia kuukuu lililogongwa misumari, plaiwudi tupu inateleza na mbwa asiyepata pa kukanyaga ndiye anayeruka. Kuta ziwe za sm 60, juu wavu.

Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni, na iwe fupi asiweze kupitisha miguu ya mbele juu ya ukuta. Akiruka akiwa amefungwa shingo, amejinyonga. Wiki nzima kabla, mlishe ndani ya tela likiwa limesimama na mawe kwenye magurudumu, kisha lisukume kwa mkono, kisha ndipo uvute. Nenda asubuhi, sanduku la mabati juani ni oveni.

Hii ni kwa mbwa mzima wa afya. Anayetoa mate ovyo, anayeng'ata vitu au aliyebadilika tabia ghafla usimguse wala kumpakia, mwite afisa mifugo aje. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

---

Mpunga_Mkavu:

Fundi kasoma yote, kakubali chuma cha nje na ekseli ya kushoto. Anauliza nafasi kati ya tairi na chuma, kwa ajili ya tope la masika?

---

Spoku40:

Ukitumia habu za nyuma, nafasi ya ndani ni kama sm 11, tairi sm 4, kwa hiyo kila upande unabaki na sm 3.5. Inatosha. Asiweke madigadi kwenye tela. Tope la huko linajazana chini ya madigadi hadi gurudumu linasimama na kuburuzwa. Akitaka kuzuia maji yasirukie mzigo, ule ukuta wa bati wa pembeni unafanya kazi hiyo tayari. Aache tu mwanya wa sm 5 chini ya bati, ili kijiti kiweze kupita kusukuma tope.